Aliyeelemewa hahitaji hotuba: mwongozo wa kuzungumza na mtu wako kuhusu afya ya akili

Kila tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, tunasikia wito ule ule: ukielemewa na mawazo usikae kimya, zungumza. Wito ni mwema, lakini unamtwika kazi yote mtu ambaye tayari nguvu zimemwishia. Aliyekosa usingizi wiki tatu, anayejiona hana thamani mbele ya watu, ndiye anayetakiwa atafute maneno, achague wa kumwambia, kisha avumilie jibu atakalopewa. Na jibu lenyewe mara nyingi ni “jikaze”. Akiambiwa hivyo mara mbili, ya tatu hasemi.

Kwa hiyo mwongozo huu nauandika kwa ajili ya upande wa pili: mke, kaka, shangazi, jirani, mwenyekiti wa steji ya boda, mwalimu, imamu, mchungaji. Ninyi ndio mnaoamua kama mazungumzo haya yatakuwepo au hayatakuwepo. Huhitaji kuwa daktari. Unahitaji kujua nini cha kutazama, nini cha kuuliza, lini unyamaze, na umpeleke wapi mtu wako ukishamsikia.

Kimya kinavyotugharimu

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 mtu mmoja kati ya kila wanane duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Ukoo mkubwa usioguswa ni vigumu kuupata. Hata hivyo, katika nyumba zetu nyingi maradhi haya yana majina mawili tu: wazimu na mapepo. Asiyetembea barabarani akiongea peke yake anahesabiwa mzima, hata kama chakula hakimpiti kooni tangu mwezi uliopita. Anayeanza kuumwa anaona mbele yake kuna mambo mawili, kuitwa kichaa au kunyamaza, naye anachagua kunyamaza.

Wanaoniumiza zaidi ni akina mama waliojifungua. Katika Buganda, mama akichanganyikiwa au akimkataa mtoto baada ya uzazi, watu husema ni amakiro, na wengi wanaamini chanzo chake ni uzinzi wa mama au wa baba wakati wa mimba. Sasa mama wa namna hiyo, anayelia usiku bila kujua analilia nini, atamwambia nani? Akifungua mdomo mbele ya mama mkwe amejishtaki mwenyewe. Wakati huo huo hospitali inaujua ugonjwa huu na ina matibabu yake. Mama anayechanganyikiwa ghafla siku au wiki chache baada ya kujifungua, anayeona au kusikia yasiyokuwepo, ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, pamoja na mtoto wake. Suala la nani alitembea na nani halina nafasi hapo.

Gharama nyingine ni ya kuchelewa. Familia huzunguka kwanza kwa waganga, kwa siri. Mbuzi anauzwa, kisha kipande cha shamba, na hospitali inakuwa kituo cha mwisho, mara nyingine mgonjwa akifika amefungwa kamba. Angefika mwezi wa kwanza, huenda angefika kwa miguu yake.

Na anayedhani mazungumzo ni maneno matupu, ushahidi upo hapa hapa Uganda. Katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watafiti waliwakusanya watu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, katika vikundi vidogo, wanawake peke yao na wanaume peke yao, wakikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Waliowaongoza walikuwa wenyeji wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: baada ya vikao kwisha, waliobaki na sonona kali katika vikundi vile walikuwa asilimia 6.5, ilhali katika vijiji ambavyo havikupata vikundi walikuwa asilimia 54.7. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa njia hiyo ili itumike popote. Yaani dunia ilijifunza kutoka kwa wanakijiji wa Masaka na Rakai, na sisi bado tunaambiana tujikaze.

Hatua ya kwanza: tazama kabla ya kuuliza

Kila mtu hupata siku mbaya, na huzuni baada ya msiba si ugonjwa. Kinachotakiwa kukushtua ni mabadiliko yanayodumu. Kwa sonona, wahudumu wa afya hutumia kipimo cha wiki mbili: kama karibu kila siku kwa wiki mbili mtu amekosa raha au hamu ya mambo aliyoyapenda, na juu yake usingizi umeharibika, chakula kimemshinda, mwili hauna nguvu, anajilaumu, hawezi kutuliza akili kwenye kazi, basi hilo si suala la kujikaza.

Watu wetu wengi hawasemi “nina huzuni”. Wanasema kichwa kinawaka moto, kifua kinabana, moyo unakwenda mbio, mgongo umekufa. Wanapimwa malaria, wanapimwa taifodi, wanameza vidonge, wanarudi tena. Ukiona mtu amezunguka zahanati mara kadhaa na hakuna kinachoonekana, muulize kuhusu mawazo.

Dalili nyingine huonekana kwa majirani kabla ya mgonjwa mwenyewe: mfanyabiashara anayegawa mali ovyo, halali siku tatu na anadai hachoki, kijana aliyeanza kuziba redio kwa nguo akisema inamtaja jina, mzee aliyekuwa hakosi msikitini sasa hatoki chumbani, mtu anayeanza kunywa waragi asubuhi.

Hapa nakuomba uwe makini sana. Si kila kuchanganyikiwa ni ugonjwa wa akili. Mtu aliyekuwa mzima jana, leo ana homa na anaongea yasiyoeleweka, huenda malaria imepanda kichwani au ana homa ya uti wa mgongo. Mwenye kisukari anayetokwa jasho na kugeuka mkali ghafla huenda sukari imeshuka. Mlevi wa miaka aliyeacha pombe ghafla, akaanza kutetemeka, kuona vitu na kuanguka kifafa, yuko katika hatari ya kufa. Hao wote ni wa hospitali leo, si kesho, na si wa maombi ya usiku kucha kwanza.

Hatua ya pili: mahali na wakati

Usimwite kikao. Ukisema “kaa hapo, tunataka kuongea na wewe”, huku baba mdogo na shangazi wameshapanga viti, umemfanya mshtakiwa. Mazungumzo mazuri hufanyika ubavu kwa ubavu, mikono ikiwa na kazi: mnamenya mihogo, mnachambua mchele, mnaosha pikipiki, mnatembea kutoka sokoni. Macho yakiwa kwenye kazi, mdomo unafunguka.

Mmoja anatosha. Na si lazima awe wewe. Jiulize anamsikiliza nani na anamwonea aibu nani. Kijana wa kiume mara nyingi atamwambia mjomba au rafiki wa steji asichoweza kumwambia baba. Mke aliyepigwa hawezi kusema kitu mbele ya aliyempiga, wala mbele ya ndugu zake. Kama wewe siye mtu sahihi, kazi yako ni kumtafuta aliye sahihi na kumwomba taratibu.

Tena usimwanze mtu akiwa amelewa, au dakika tano kabla ya kwenda kazini.

Hatua ya tatu: anza na mwili

Neno “akili” usilitoe kwanza. Kwa masikio ya wengi, “una tatizo la akili?” ni tusi, hata likisemwa kwa upendo. Anza na ulichokiona mwenyewe, kisha uulize kuhusu usingizi. Usingizi hauna aibu. Mtu yeyote anaweza kukiri kwamba halali.

Hivi ndivyo yanavyoweza kwenda, asubuhi kwenye steji, abiria bado hawajaanza kutoka:

“Kaka, siku hizi nakukuta hapa kabla ya adhana. Usingizi umekukimbia?”

“Ah, usingizi! Nikijilaza tu, moyo unaanza mbio.”

“Tangu lini?”

“Tangu ile pikipiki ya mkopo ichukuliwe.”

Hapo huyo uliyemuuliza anapitisha kitambaa juu ya tangi la pikipiki ya kukodi, pale pale alipokwisha kupafuta. Usiseme kitu. Usikimbilie “utapata nyingine, Mungu yupo.” Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Katika ukimya huo ndipo huja sentensi ya pili, ambayo ndiyo yenyewe: “Nyumbani sijasema. Mke wangu anajua bado naendesha ile yangu.”

Sasa una kitu cha kushika. Ana deni, ana siri, ana aibu, hana usingizi. Kama ungemmwagia ushauri dakika moja kabla, ungeondoka na habari ya pikipiki peke yake.

Maneno mengine yanayofungua: “Naona umepungua, mama. Chakula kinapita?” “Zamani ulikuwa unacheka sana, nini kimekubana?” “Sijaja kukuhukumu, nataka kuelewa.” Kwa mzee, omba ruhusa kwanza: “Mzee, shikamoo. Kuna jambo linanisumbua kuhusu afya yako, naweza kuuliza?” Kwa askari aliyerudi kutoka operesheni, muheshimu kama afande, usimuulize alichokiona huko. Muulize analalaje tangu arudi.

Hatua ya nne: sikiliza ukiwa na ramani

Wengi hushindwa hapa kwa sababu hawajui wasikilize nini, wakabaki kungojea zamu yao ya kutoa nasaha. Ile njia iliyotumika Masaka na Rakai ina ramani nzuri ambayo hata mtu asiyesoma anaweza kuishika. Shida inayoiwasha sonona mara nyingi hutoka katika moja ya sehemu nne: amefiwa, ana ugomvi na mtu wa karibu, maisha yamebadilika ghafla, au yuko peke yake, hana wa kumwegemea.

Ukimsikiliza mtu, jaribu kimya kimya kujua yuko wapi kati ya hizo nne. Ni muhimu kwa sababu msaada wake hutofautiana. Aliyefiwa anahitaji kumzungumzia marehemu, mema yake na mabaya yake, wala si kuambiwa asahau. Wengi hapa kwetu hufiwa, wakazika, wageni wakaondoka, na baada ya siku arobaini hakuna anayetaja tena jina la marehemu. Mwenye ugomvi anahitaji kuona njia ya kusema anachotaka bila kupigana, au mtu wa kusimama katikati. Aliyebadilikiwa na maisha, kwa mfano aliyerudi kutoka kufanya kazi Uarabuni na kukuta fedha alizotuma hazikujenga nyumba, anahitaji kwanza kuomboleza kile alichopoteza kabla ya kuambiwa aanze upya. Mpweke anahitaji watu, hata wawili.

Mara nyingi sehemu zimechanganyikana. Mwulize, “Katika yote haya, lipi linakulemea zaidi?” Kisha rudia ulichosikia kwa maneno yako: “Kwa hiyo kinachokuuma zaidi si deni, ni kwamba umemficha mama watoto.” Akisema “ndiyo, hilo hasa,” umefanya kazi kubwa kuliko mahubiri ya saa nzima.

Mambo ya kutosema yanajulikana, lakini nayataja kwa sababu yanatutoka bila kufikiri: “kuna wenye shida kuliko wewe”, “mwanaume halii”, “huna imani”, “unajifanya”, “ni mizimu ya kwenu hiyo”. Hata “usijali” ni mlango unaofungwa. Amekwisha kujali, ndiyo maana halali.

Kwa aliyekimbia vita

Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na katika makazi kama Nakivale, yaliyofunguliwa mwaka 1958, Kyaka II na Kyangwali, Kiswahili ndicho kinachosikika kwa Wakongo wengi. Kwa ndugu hawa ongeza mambo mawili.

La kwanza, usichimbe. Mtu aliyeona nyumba yake ikiungua hana deni la kukusimulia. Mafunzo ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia yana maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama yuko salama na ana mahitaji ya haraka. Sikiliza anachotaka kusema mwenyewe. Muunganishe na chakula, ndugu zake na huduma. Akianza kusimulia, msikilize. Akinyamaza, nyamaza naye.

La pili, mkalimani. Nesi anajua Runyankore na Kiingereza, mama anajua Kiswahili na Kinyabwisha, na aliyesomeshwa ni binti wa miaka kumi na miwili. Basi binti anageuzwa kuwa mdomo wa mama yake, na mama, kwa kumhurumia mtoto, anaacha kusema alichofanyiwa. Au anasema, na mtoto anarudi nyumbani na habari ambayo haikuwa yake kuibeba. Tafadhali tusifanye hivi. Omba mtu mzima, ikiwezekana mwanamke kwa mwanamke, asiyekaa mtaa mmoja na mgonjwa. Kama unajua Kiswahili vizuri, huu ni msaada unaoweza kuutoa bila shilingi hata moja.

Hatua ya tano: uliza kuhusu kujiua, kwa jina lake

Watu wanaogopa swali hili wakidhani litamtia mtu wazo. Halitii. Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba kuulizwa waziwazi hakuongezi hatari, na kwa wengi kunaleta nafuu. Dunia hupoteza watu zaidi ya 700,000 kila mwaka kwa kujiua, na karibu robo tatu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Ukisikia “nimechoka na dunia”, “mtakuwa na raha nikiondoka”, au ukiona mtu anagawa vitu vyake na kuaga aga, muulize kwa sauti ya kawaida: “Watu wengi wakilemewa hivi hufika mahali pa kufikiria kujiua. Wewe umefika hapo?” Usiulize kwa namna ya kumlazimisha akane, kama “hufikirii mambo ya kijinga, sivyo?”

Akisema ndiyo, usipige kelele wala usimtishe kwa moto wa jehanamu. Mshukuru kwa kukuambia. Muulize kama ameshapanga namna na siku, na kama ana kitu chochote karibu cha kujidhuru nacho. Kisha fanya haya bila kuchelewa:

- Asiachwe peke yake. Pangeni zamu, watu wawili au watatu anaowaamini.
- Dawa za shamba, dawa za panya na akiba ya vidonge vitoke nyumbani au vifungiwe kwa jirani. Hatua hii inaonekana ndogo, lakini inaokoa watu kweli, kwa sababu wimbi la kutaka kufa kwa wengi hupanda na kushuka. Likishuka akiwa hai, anaweza kutibiwa.
- Aende kituo cha afya au hospitali siku hiyo.

Kama ameshakunywa kitu, msimlazimishe kutapika wala msimnyweshe chochote. Kimbieni hospitali na chupa au pakiti ya kile alichokunywa, maana matibabu yanategemea ni sumu gani. Semeni ukweli. Najua kwa nini familia husema “alikosea, alidhani ni soda”: katika sheria ya Uganda kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai, na watu wanaogopa polisi. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho ni kinyume cha katiba, na mimi naamini na sisi tunapaswa kufika huko, kwa sababu sheria ya namna hii huwafunga midomo wale wale tunaowaambia wazungumze. Lakini mbele ya tabibu, uongo unaweza kumuua mgonjwa. Polisi mtaongea nao baadaye.

Hatua ya sita: mpeleke, usimwelekeze tu

“Nenda kamuone daktari” si msaada kwa mtu asiyeweza kutoka kitandani. Msaada ni kusema, “Jumanne asubuhi nakuja kukuchukua, tutaenda pamoja, nauli ninayo.”

Wengi wakisikia matibabu ya akili wanawaza Butabika peke yake. Butabika, iliyopo Kampala tangu mwaka 1955, ni hospitali ya taifa ya rufaa, na mwenye hali nzito huhitaji kufika huko. Lakini safari haianzii pale. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya 1964, inataka matibabu haya yapatikane tangu vituo vya afya vya ngazi ya chini. Anza na mhudumu wa afya wa kijiji, VHT, au kituo cha afya cha daraja la tatu au la nne kilicho karibu. Juu yake kuna hospitali za rufaa za mikoa, kama Arua, Gulu, Masaka na Mbarara, zenye vitengo vya afya ya akili. Utakayekutana naye huko mara nyingi si daktari bingwa bali tabibu au muuguzi wa magonjwa ya akili, na usimdharau, kwa maana hao ndio wanaoibeba huduma hii nchini. Uliza mapema kliniki ya akili hufanyika siku gani, usije ukapoteza nauli.

Kwa simu, shirika la Mental Health Uganda lina namba ya ushauri isiyo na malipo, 0800 21 21 21. Kwa mtoto anayeumizwa au kunyanyaswa, piga 116, simu ya watoto ya Sauti. Zijaribu siku ya amani, mchana, ujue zinapatikana saa ngapi na kwa lugha gani, kabla ya kuzihitaji usiku.

Mkiwa mbele ya tabibu, mwache mgonjwa aseme kwanza. Wewe ongeza ulichoona: ilianza lini, analala saa ngapi, anakunywa nini, ametumia dawa gani zikiwemo za mitishamba, kuna mwingine kwenye ukoo aliyewahi kuugua hivi. Kabla ya kutoka, hakikisha mmejua jina la ugonjwa, jina la dawa, inamezwa lini, inaleta usumbufu gani mwanzoni, na tarehe ya kurudi. Jina la dawa na kipimo chake liandikwe kwenye daftari, kwa sababu dawa za serikali huisha stoo, na siku hiyo utahitaji kujua ni ipi ya kununua duka la dawa.

Dawa za sonona kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi kabla ya kuonyesha nafuu, ilhali kinywa kukauka, kichefuchefu au kusinzia huja siku za mwanzo. Wengi huacha hapo hapo. Wengine huacha wakishapata nafuu, na ugonjwa unarudi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri kuendelea na dawa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kwisha, kisha kupunguza polepole chini ya uangalizi wa mtabibu.

Mchungaji, sheikh na mganga

Sitakuambia uache kuomba. Kwa wengi wetu imani ndiyo iliyotushika mkono usiku mrefu, na mgonjwa anayeombewa na jumuiya yake anajua hajatupwa. Ninachoomba ni kwamba maombi yasichukue nafasi ya kliniki. Mwendee kiongozi wako wa dini faraghani, umwambie hospitali imesema nini, na umwombe atamke mwenyewe kwa mgonjwa: “Meza dawa, na sisi tunaendelea kuomba.” Neno hilo kutoka kwake lina uzito kuliko maneno yangu na yako.

Mahali popote panapomfunga mgonjwa minyororo, panapomchapa, panapomlazimisha kufunga kula siku nyingi au panapomkataza dawa, mtoe. Likishindikana, mshirikishe mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji, na polisi.

Siri ni yake

Alichokuambia si habari ya kikundi cha WhatsApp cha ukoo, wala si ombi la kusomwa kanisani kwa jina. Kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote, muulize: “Naweza kumwambia nani, na nimwambie nini?” Kuna jambo moja tu linalovunja kanuni hii, nalo ni hatari ya maisha, yake au ya mtu mwingine. Hata hapo, mwambie kwamba utasema, na utamwambia nani.

Kuhusu wale wanaomrekodi mgonjwa aliyevuka mtaa akiwa uchi na kumtupa mtandaoni: mfunike kwa leso, zima simu. Mtu huyo atapona, na video ile itamngojea siku anayotafuta kazi.

Akikataa, na akipona

Huenda atakataa. Usigombane wala usimdanganye kwamba mnakwenda harusini kisha ukamshusha hospitalini, hatakuamini tena. Sema, “Sawa, nimekusikia. Alhamisi nitapita.” Na Alhamisi upite. Leta mandazi, kaa robo saa, ongeeni mpira. Muulize tena kuhusu usingizi. Kumlaza mtu bila hiari yake kupo kisheria, kwa yule aliye hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, na ni uamuzi wa wahudumu wa afya kwa utaratibu wake, si wa ukoo wenye hasira.

Nawe unayesikiliza, tafuta wa kukusikiliza. Gawaneni zamu za usiku, na usione haya kusema “leo nimechoka, kesho nitakuja.” Mke anayemuuguza mume miaka mitatu bila mtu wa kumpokea ataishia kwenye foleni ile ile ya kliniki.

Akianza kupata nafuu, mrudishie kazi zake kidogo kidogo. Familia nyingi humtibu mtu vizuri, kisha zinamwacha akae kama mgeni: hashirikishwi vikao, hapewi fedha za soko, watoto wanaambiwa wasimsumbue. Mpe ufunguo wa duka nusu siku. Mtume sokoni. Muulize maoni yake kuhusu karo. Na akikasirika kwa jambo ambalo wewe pia lingekukasirisha, usimuulize kama amemeza dawa. Mjibu hoja yake.